Ukienda Mjini, Utakaa Mtaa Gani?



Mtu akitaka kuoa huuliza ukoo na tabia. Akitaka kununua ng'ombe humpanua mdomo akamtazama meno. Lakini mtu huyo huyo akitaka kuhamia mji mkubwa pamoja na mkewe na watoto wake, mara nyingi huuliza neno moja tu: kodi ni shilingi ngapi kwa mwezi? Akitajiwa bei akaiweza, hutoa kodi ya miezi 6, pengine ya mwaka mzima, akampa dalali kodi ya mwezi mmoja kuwa ujira wake, akapakia magodoro garini. Majirani atawajua baadaye. Na ardhi aliyoikalia ataijua mvua zikianza.

Nimeona niandike juu ya jambo hili kwani ni nyumba chache za pwani leo zisizokuwa na kijana aliyekwenda kutafuta riziki Dar es Salaam, au anayefunga mzigo aende. Mimi mwenyewe si mtu wa pwani kwa kuzaliwa. Nimezaliwa Ikola, na huenda wengi wenu hamjapata kulisikia jina hilo. Ikola ni kijiji cha ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, upande wa pili wa nchi. Zamani tulihesabiwa katika Wilaya ya Mpanda, Mkoa wa Rukwa. Tangu mwaka 2012 tumo katika Mkoa wa Katavi. Ukisimama ufukweni jioni, mbele yako ni maji, na ng'ambo ya maji ni Kongo. Watu wake ni mchanganyiko: Wabende, Watongwe, Wafipa, Waha, Wabembe na wengine waliovuka ziwa. Kazi kubwa ni uvuvi wa dagaa na migebuka. Usiku wa giza utaona taa za wavuvi zimejipanga ziwani kama mji. Mwezi ukipevuka taa hazitoki, na watu hukaa nyumbani wakatengeneza nyavu zao.

Nimekutajieni hayo kwa sababu. Kijijini kwetu hakuna achaguaye mtaa. Miaka ile mgeni alikuwa akifika kwa Liemba, meli kongwe iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa na wenyewe katika vita mwaka 1916, ikaja kuopolewa mwaka 1924. Meli ilitia nanga mbali, mgeni akaletwa ufukweni kwa mtumbwi, na kabla hajakanyaga mchanga alikwisha kuulizwa: unashukia kwa nani? Hapakuwa na jawabu la kwamba sishukii kwa mtu. Akikosa jina la kutaja, alipewa mwenyeji papo hapo. Mwenyeji huyo ndiye aliyemwonyesha pa kujenga, na akimwambia hapa usijenge, hakujenga, kwani mwenyeji alijua ziwa lilifika wapi mwaka lilipojaa.

Mjini hakuna mwenyeji. Kuna dalali.

Simtukani dalali. Anayo kazi yake, na wengi wao wanakula kwa jasho lao. Lakini imepokewa kwamba Sayyidna Umar (r.a.) alipoletewa mtu wa kumshuhudia mwenzake kwa wema alimwuliza: jee, wewe ni jirani yake wa karibu, umjuaye atokapo na aingiapo? Umepata kusafiri naye? Umepata kufanya naye biashara ya fedha? Yule mtu akajibu la kwa yote matatu, na Sayyidna Umar akamwambia kuwa basi hamjui. Mpime dalali wa chumba kwa mizani hiyo. Mtaa anaokusifia yeye hakai. Usiku wake haujui. Akishapokea chake, kazi yake imekwisha, na yako ndiyo kwanza inaanza.

Zamani mjini watu hawakuwa na khiari. Dar es Salaam ya Wajerumani na baadaye ya Waingereza ilikatwa mapande matatu: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi katikati ili Uhindini na Kariakoo visigusane. (Hata Kariakoo si jina la mzee wa mji, limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, waliopiga kambi hapo.) Rangi ya mtu ndiyo iliyomchagulia mtaa. Leo mfuko wake ndio unaomchagulia, na watu hudhani hiyo ndiyo khiari. Hesabu ya watu ya mwaka 2012 ilikuta Dar es Salaam ina watu zaidi ya milioni 4 na laki 3. Ile ya mwaka 2022 ilikuta wamepita milioni 5 na laki 3. Katika miaka 10 wamezidi milioni moja, na kila mmoja wao, awe amezaliwa humo au amehamia, lazima apate pa kuweka ubavu usiku. Ndiyo maana hata bondeni kuna wapangaji.

Wazee wa pwani wanao msemo uliotokana na Kiarabu, kwamba jirani hutangulia nyumba. Wako wanaoutaja kuwa ni hadithi ya Mtume (s.a.w.), na wanavyuoni wa hadithi wamesema sanadi yake ni dhaifu, lakini maana yake haina ubishi, na yaliyothibiti yanatosha. Mwenyezi Mungu katika Suratun Nisaa amemtaja jirani wa karibu na jirani wa mbali mahali pale pale alipowataja wazazi, jamaa na mayatima. Na Mtume (s.a.w.) amefundisha tujikinge kwa Mungu na jirani muovu katika makazi ya kudumu, kwani jirani wa jangwani, yaani wa kambi ya safarini, huhama akaenda zake. Lifikiri neno hilo, ewe ndugu uliyekwisha kulipa kodi ya mwaka mzima.

Tena imepokewa kuwa katika mambo yanayompa mtu raha duniani ni nyumba yenye nafasi, jirani mwema na kipando chema. Kipando cha siku zile kilikuwa ngamia au farasi. Chetu ni daladala, na tangu mwaka 2016 wengine wana mabasi ya mwendokasi. Mambo hayo matatu mjini yanagombana. Nyumba yenye nafasi kwa bei ya mnyonge iko Chanika au Chamazi au Mabwepande, na mwenye kazi Kariakoo akikaa huko hutoka kabla ya alfajiri akarudi baada ya Isha. Watoto wake huwaona wamelala, hata mwanawe mdogo akamshangaa siku ya Idi. Akisogea karibu na kazi, basi kodi ile ile aliyolipia nyumba itampatia chumba kimoja na nusu ya ukumbi. Lazima aache kitu. Rai yangu ni kwamba aache nafasi kwanza. Chumba kidogo huzoeleka.

Lakini kabla ya hayo yote kuna ardhi yenyewe.

Mtoto wa dada yangu alikuja kutoka Ikola mwezi wa Julai mwaka 2011, ameoa karibuni, amepata kazi ya kushona katika duka la Kariakoo. Dalali akawaonyesha chumba kando ya Bonde la Msimbazi. Chumba kikubwa, dirisha mbili, kimepakwa chokaa mpya, mwendo wa miguu mpaka kazini, na kodi yake nusu ya kwingine. Mwezi ule ardhi ilikuwa kavu na mto umekuwa mfereji. Mume alikwisha kutia mkono mfukoni. Mkewe, ambaye naye ni mtoto wa ziwani, alitoka nje akaenda nyuma ya nyumba, upande ambao chokaa haikufika. Akakuta mstari ukutani, kimo cha kifua chake, chini yake rangi ya tope na juu yake rangi ya tofali. Hakuhitaji mtu wa kumfundisha ule ni mstari wa nini. Akarudi akasema kwa adabu mbele ya dalali, "Baba, maji hukaa humu. Mimi hapa silali." Dalali akacheka, akasema huo ni uchafu tu wa mafundi. Mume akaona haya kidogo mbele ya mwanamume mwenzake, lakini alimsikiliza mkewe. Wakaenda kupanga chumba kidogo Tandika, juu, kwa kodi iliyowauma.

Chumba kile cha bondeni kilipata mpangaji mwingine wiki ile ile.

Mwezi wa Desemba mwaka huo huo, katika mvua za vuli, Msimbazi ulifurika kwa namna ambayo waliokuwapo hawataisahau. Makumi ya watu walikufa katika mji na maelfu wakakosa makazi. Watu walikaa juu ya mapaa wakingojea kuokolewa. Mwanzoni mwa mwaka 2012 serikali iliwapa wengi wa walioathirika viwanja Mabwepande, mbali na kila walichokizoea. Wako waliokwenda wakajenga, na wako waliorudi bondeni, kwani riziki yao ilikuwa Kariakoo na nauli hawana. Msiwacheke hao. Mtu hachagui bonde kwa kulipenda.

Mto huo huanzia vilima vya Pugu, unapita katikati ya mitaa hadi baharini penye daraja la Salenda. Kila paa jipya linalojengwa juu humwaga maji yake chini, kwa hivyo mafuriko ya leo hayangojei mvua kubwa kama ya zamani. Barabara ya Morogoro pale Jangwani imefungwa na maji mara nyingi tangu hapo, na hata kituo kikuu cha mabasi ya mwendokasi kilichojengwa bondeni kimezama zaidi ya mara moja. Mwaka 2023 na 2024 nyumba nyingi za bonde hilo zilivunjwa baada ya wenyewe kulipwa fidia ili bonde litengenezwe.

Basi, ndugu msomaji, majina nayo husema. Mtaa ulioko Msasani unaoitwa Bonde la Mpunga, usimwulize mtu kwa nini maji hutuama pale; mpunga hauoti kichuguuni. Wenye mji wa zamani waliyapa mahali majina kwa kuyaona, na sisi tunapita juu ya majina hayo kama kwamba ni nambari.

Tazama na kuta. Mstari wa tope ni alama moja. Alama nyingine ni X nyekundu, nayo hupakwa chokaa juu ikafichwa vile vile. Mwishoni mwa mwaka 2015 nyumba za bondeni zilivunjwa kwa matingatinga wenyewe wakitazama. Mwaka 2017 zikavunjwa zilizokuwa katika hifadhi ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara mpaka Kiluvya, na humo zimo nyumba za watu waliostaafu, waliozijenga kwa kiinua mgongo chao. Aliyepanga humo na kodi yake ya mwaka, amdai nani? Nenda serikali ya mtaa kabla ya kulipa, uliza nyumba hii ina neno? Kuuliza hakutozwi.

Sisemi kwamba mtu ataweza kujua kila kitu. Watu wa Mbagala tarehe 29 Aprili 2009, na wa Gongo la Mboto usiku wa tarehe 16 Februari 2011, walipigwa na mabomu yaliyolipuka katika ghala za jeshi jirani na makazi yao, wakafa watu na nyumba zikabomoka. Yapo ya kadari. Lakini mstari wa ukutani si katika hayo.

Ama kuhusu majirani, mjini watu wengi wanaota nyumba yenye ukuta mrefu na geti la chuma, na mwenye kuipata huhesabiwa amefika. Mama yangu mdogo aliletwa na mwanawe kutoka Ikola kuja kutibiwa miguu. Mwana huyo ni mtu wa cheo na nyumba yake iko upande wa Mbezi Beach, yenye ukuta na vigae vya chupa juu yake. Bibi akapewa chumba chake, choo chake ndani, na msichana wa kumpikia. Kwa miezi miwili hakupata mtu wa kumwamkia. Mwana hutoka alfajiri, mkwe naye kazini, majirani huonekana ndani ya vioo vya magari. Siku moja niliwakuta wanagombana kwa sauti ya chini, kama wagombanavyo watu waheshimianao. Mwana akasema, "Mama, umekosa nini hapa?" Naye akamjibu, "Sijakosa kitu, mwanangu. Ila huku nikianguka atakayenisikia ni mbwa. Nikifa, nani atajua nyumba hii ina maiti?"

Yule bwana aliona ni aibu kubwa mama yake kwenda kupanga, na ndugu wengine wakamwunga mkono. Mimi nilikuwa upande wa bibi, na tukanuniana kwa muda. Mwishowe akapangiwa chumba cha mbele Magomeni, katika nyumba ya Kiswahili mnayoijua: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, na ua nyuma wenye jiko na kisima na choo. Wapangaji walikuwa wa kila namna. Chumba cha pili alikuwapo mama wa Kinyakyusa, Mkristo, muuza vitumbua. Baada ya wiki moja bibi alikuwa anajua nani ana mtoto mgonjwa na nani hajalipa umeme, na wao walikuwa wanajua yeye huamka saa ngapi kutawadha. Huko kujuana ndiko kulikomponya. Mwezi wa tatu, alfajiri moja, mama wa vitumbua alisikia kwamba ndoo ya bibi haijalia uani. Akagonga mlango, hakujibiwa, akauita ukumbi mzima. Wakamkuta sakafuni, mdomo umekwenda upande. Waliombeba mpaka hospitali hawakuwa jamaa zake hata mmoja, na mwanawe alifika akakuta amekwisha kulazwa. Aliishi miaka 4 zaidi, katika chumba kile kile.

Wako watakaouliza, jee, si bora kukaa na Waislamu wenzetu? Kuwa karibu na msikiti na chuo cha watoto ni neema, wala sitamwambia mtu aidharau. Sauti ya adhana hulea. Lakini imepokewa kuwa sahaba Abdullah bin Amr (r.a.) alipochinjwa mbuzi nyumbani kwake aliuliza kama jirani yao Myahudi amekwisha kupelekewa, akauliza tena. Haki ya ujirani haikungojea dini. Na nimeona mitaa ambayo misikiti yake imejaa safu, na mlango wa pili mtu analala na njaa. Kwa hiyo uliza msikiti uko wapi, kisha uliza mtu akifiwa hapa, jeneza hubebwa na nani.

Wala nisieleweke kwamba nyumba za ukumbi mmoja ni pepo. Zina taabu zake, na mwenye mabinti waliokwisha kubaleghe ana haki ya kuzikimbia, kwani stara ni ngumu pale choo kinapokuwa cha watu 20 na ukumbi hupitwa na kila mgeni wa kila mpangaji. Ugomvi wa luku moja kwa vyumba sita umevunja urafiki wa miaka. Na iko mitaa ambayo muziki wa vigodoro hukesha barabarani mpaka asubuhi, na mtoto wa miaka 8 anaujua wimbo kabla ya kuijua Suratul Mulk. Kelele ya watu wazima wakicheza bao naivumilia. Hiyo nyingine sikuweza, na nilihama.

Ndiyo maana nasema mtaa uendewe zaidi ya mara moja. Nenda mchana, ukaone watoto wanacheza wapi na maji huchotwa wapi, na kama ni ya bomba au ya kisima chenye chumvi. Nenda usiku wa Jumamosi, usikie. Na ukiweza nenda mvua inaponyesha, ukasimame chini ya ukuta wa mtu utazame, kwani wako wenye nyumba ambao mvua ikishika huzibua vyoo vyao ili maji ya mvua yachukue uchafu, na uchafu huo hupita mlangoni kwa jirani wa chini. Kipindupindu cha mwaka 2015 kilianzia humu humu Dar es Salaam mwezi wa Agosti kabla ya kuenea mikoani. Usimwulize mwenye nyumba juu ya choo. Mwulize mama ntilie wa pembeni. Ukinywa chai yake mara mbili atakwambia zaidi ya ulichouliza.

Na mchukue mkeo. Mume hukaa kazini. Mtaa huo yeye atakuwa mgeni wa usiku. Anayekaa mtaani kutwa, akachota maji, akaazima chumvi, akatukanwa au akaheshimiwa, ni mke na watoto. Ajabu iliyoje kwamba yule atakayeishi mahali ndiye wa mwisho kuonyeshwa!

Mtoto wa dada yangu bado yuko Tandika. Sasa wana watoto watatu na chumba kimekuwa viwili. Mwezi uliopita alikuja kwangu na karatasi ya kiwanja Chanika, bei nzuri, muuzaji ana haraka, anataka fedha kabla ya Ramadhani. Nikamwuliza mkewe anasemaje. "Mjomba," akasema, "amekiona, amekipenda. Ila amemwambia muuzaji atarudi kukitazama mwezi wa Aprili, masika yakiwa yamekolea." Muuzaji amekasirika, na huenda kiwanja kikachukuliwa na mwingine. Tumekubaliana tungoje.